Ngozi Imetoboka

"Shemeji, geji ya presha imepanda tangu asubuhi, na wewe unaniambia nisubiri tangi lijae ndipo nizime mtambo! Mpaka asidi ikurukie usoni ndiyo utaamini?"

"Woga wako ungeuacha nyumbani," shemeji yake, msimamizi mpya, akamjibu.

Mama Chumvi hakucheka. Mtambo ule aliuzoea kwa miaka kumi na sita, zaidi ya alivyomzoea marehemu mumewe. Maji ya chumvi hupita katikati ya tando nyembamba zilizobanwa kama kurasa za kitabu. Umeme ukiwashwa, chumvi inagawanyika: asidi safi huku, maji makali ya kutengenezea sabuni kule. Wafanyakazi huziita tando hizo ngozi. Moja ikitoboka, chumvi inaichafua asidi, na asidi nayo inatafuta pa kutokea. Mwenzake mmoja alipoteza jicho hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, geji ikitikisika tu, macho yake hutafuta swichi nyekundu ya kuzimia mtambo.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa marehemu, alikuwa na wiki moja tu pale. Alitolewa stoo, alikojua kuhesabu madumu, basi. Jumatatu aliazima glavu ndefu za Mama Chumvi, "za dakika tano tu, shemeji." Leo Ijumaa bado kazivaa, na mwenye mali anahangaika na zile fupi za kufanyia usafi.

"Ngoja nikaze hizo boliti, roho yako itulie," shemeji akasema, akainama na spana.

Hapo mshale wa kipimo cha chumvi ukaruka. Mama Chumvi akapiga kelele:

"Ngozi imetoboka!"

Shemeji akatupa spana. Badala ya kukimbia, akavua glavu moja, akaanza kujikagua mkono, mbele na nyuma. "Wapi? Mbona sioni?"

Juu ya kiganja hicho kitupu, pembeni mwa boliti, tone la asidi lilikuwa linanenepa.

Mama Chumvi akamkamata mkanda wa suruali, akamvuta kama gunia, mkono wa pili ukagonga swichi nyekundu. Pampu zikanyamaza, lakini asidi ilishapata njia: ikaruka fyuu, ikatua palepale alipokuwa ameinama. Saruji ikatoa povu.

Wakajikuta wameketi chini, migongo ukutani. Mama Chumvi akamkumbuka mama mkwe wake. Alishazika mtoto mmoja. Angemwambia nini kuhusu huyu?

"Si ulisema ngozi?" shemeji akanong'ona.

"Ngozi ya mtambo, baba! Yako hiyo nani kaiulizia?"

Shemeji akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akavua glavu ya pili, akaiokota na ile ya kwanza, akamwekea zote mapajani. "Glavu zako. Nilichelewa kurudisha."

Mama Chumvi akautazama mkono ule mtupu, mzima, usio na hata alama. Akamrudishia.

"Vaa. Deni hilo limekufa. Mimi utaniletea nyingine kutoka stoo, si huko ndiko kwenu?"