Leso za Mtu wa Ugoro

Nimekuwa mtu wa ugoro tangu ujana wangu kule Kivu ya Kusini, na kwa miaka mingi sikujiuliza leso zangu zinatakata vipi. Nilivuta, nikapiga chafya, nikajifuta, nikaitupa leso kwenye beseni la nguo chafu. Baada ya siku mbili tatu niliikuta imekunjwa kitandani. Mke wangu ndiye aliyezifua, kwanza kwetu, kisha hapa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulipokimbilia, na hakuwahi kulalamika. Au pengine alilalamika nami sikusikia.

Mambo yalibadilika siku ya harusi ya binti wa jirani yetu. Sisi Wakongomani tukifurahi tunapunga leso. Bibi harusi alipoingia, kwaya ilipandisha wimbo, na leso nyeupe zikainuka juu ya vichwa kila fasi. Nami nikasimama, nikatia mkono mfukoni, nikapunga yangu. Zamani ilikuwa nyeupe. Siku ile ilikuwa na madoa ya kahawia toka pembe hadi pembe, na katikati ilikuwa imekakamaa kama ganda la muhogo. Vumbi la ugoro likatoka kwenye mikunjo na kumwendea mama wa bibi harusi, aliyekuwa mbele yangu. Alipiga chafya mara nne. Waliokuwa karibu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka. Mke wangu peke yake hakucheka.

Njiani kurudi nyumbani alisimama ghafla.

"Papa, wale bamama hawakukucheka wewe," alisema. "Balicheka mimi. Banasema mwanamuke wake hajui kufula."

"Ni ugoro tu, mama. Kila mtu anajua mimi ninavuta."

"Basi kila mtu ajue ni wewe unafula. Tangu leo bitambaa byako ni byako. Sabuni iko, maji iko. Mimi sitagusa tena."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini Jumamosi, alipokuwa anafua, alizitoa leso zangu tatu kwa kijiti, moja moja, akaziweka juu ya jiwe.

Nikazifua. Niliona kwamba uchafu mkaidi unataka maji ya moto, kwa hiyo nikayachemsha, nikazitumbukiza, nikasugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikaniwasha. Maji yaligeuka kama chai ya rangi, lakini madoa yalibaki, tena yakakolea. Mzee mmoja Mrundi, anayelima maharage ng'ambo ya njia na ambaye naye huvuta ugoro, alikuja kutazama.

"Umezipika," alisema. "Hapo hazitoki tena."

Nikamwuliza yeye anafanyaje. Akanionyesha mkono wa shati lake. Sikuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbarara kutafuta mbegu za kabichi. Nilipozipata nikapitia kwenye nguo za mitumba. Mwanamke mmoja alikaa nyuma ya rundo la mashuka na vitambaa, na kando yake alikuwa na leso mpya zikiwa bado kwenye mifuko yake ya plastiki. Alinisalimu kwa Kiswahili. Mume wake ni askari katika kambi ya jeshi ya Makenke, aliniambia, na lugha aliipata kambini. Nikachukua leso sita mpya, nyeupe, zinazong'aa.

"Mzee, hiyo ya kazi gani?"

"Ya pua."

"Uko na mafua?"

Nikaona haya kidogo, nikatoa kikopo changu. Akacheka, lakini si kwa dharau.

"Aa, ugoro! Rudisha hiyo. Hiyo ni ya harusi."

Nikamwambia harusi ndiyo iliyonifikisha pale, nikamsimulia yote, mpaka chafya nne za mama wa bibi harusi. Akajifuta machozi.

"Baba yangu alikuwa navuta," alisema. "Mimi ndiyo nilikuwa nafua yake, tangu mtoto. Ona."

Alidondosha tone la maji juu ya leso mpya. Tone likakaa juu kama shanga. Kisha akachomoa kwenye rundo leso kuukuu ya buluu, akaidondoshea tone. Likazama mara moja.

"Mpya nakataa maji, halafu nakwaruza pua. Wewe chukua pamba, ya zamani, ile imefuliwa mara mingi. Na rangi ya giza."

"Na kuifua?"

"Kwanza kung'uta, mbali na nyumba. Halafu maji baridi na chumvi, tangu asubuhi mpaka saa sita. Sabuni nakuja mwisho. Maji ya moto napika doa." Kisha akaninyooshea kidole. "Na pasi, usiache! Nzi nataga mayai kwa nguo iko kwa kamba, halafu funza naingia kwa ngozi. Wewe nataka funza kwa pua, mzee?"

Sikutaka. Nilinunua nne: mbili za buluu iliyoiva zenye miraba, moja ya kahawia, moja ya kijani cha chupa. Yeye akaniongezea nyeupe moja kama zawadi. "Hii ya kupunga," alisema. "Ugoro isiione."

Jumamosi ile, leso za Mbarara zikiwa zimeshachafuka, nilifanya kama alivyosema yule muuzaji, hatua kwa hatua, huku mke wangu akinitazama bila kuonyesha kwamba ananitazama. Maji ya chumvi yalitoa kahawia yote yenyewe, karibu bila kusugua. Leso zilipokauka zilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Nilifurahi kupita kiasi, nikaenda kumwonyesha yule Mrundi. Alizipapasa, akakubali kwa kichwa, akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Sasa nina utaratibu wangu. Za buluu ni za shambani, ya kahawia ni ya nyumbani, na ile ya kijani niliitenga kwa Jumapili, baada ya misa. Asubuhi ninaikunja leso mara nne, ninaanza kutumia upande wa nje, kisha ninageuza kuelekea ndani. Upande wa mwisho ukishatumika, ugoro wa siku hiyo umekwisha. Kwa hiyo navuta kidogo kuliko zamani, ingawa hilo sikulipanga.

Shida ilikuwa pasi ya makaa. Mara ya kwanza niliunguza leso moja ya buluu pembeni. Mke wangu akashindwa kuvumilia, akaja kunifundisha jinsi ya kujaribu moto kwa kidole chenye mate. Jumamosi iliyofuata alisema, "Papa, kwa kuwa makaa iko tayari, pitisha na kitenge yangu." Baadaye yakaja mashati, kisha mashuka. Siku hizi pasi yote ni yangu. Yeye hukaa kwenye kiti kidogo akichambua maharage, nami napiga pasi, na tunaongea mambo ambayo zamani kila mmoja alikuwa akiyawaza peke yake.

Msimu wa mvua uliopita alishikwa na mafua. Akafungua sanduku langu, akazipindua leso, akachagua ile ya kijani. Hakuniomba. Alipona baada ya wiki, lakini leso haikurudi. Naiona kwenye kikapu chake cha kanisani, imekunjwa vizuri, nami Jumapili natoka na ya kahawia.