Gari la Kinyozi

Mkasi wa kinyozi wa Ng'ambo haujui kutulia. Hata kichwa kikiisha, anakizunguka akikata hewa na kusema, "Bado kidogo hapa." Siku aliyokwenda kwa muuzaji Awadhi kununua gari la kizamani, alionyeshwa Pijo iliyowaka papo hapo na Landrova isiyo na injini, iliyokaa juu ya mawe. Pijo aliipapasa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi mwingine, asione pa kuanzia. Landrova aliigusa tu, mlango ukabaki mkononi, na moyo wake ukatulia. Hapa pana pa kuanzia, alijiambia, akaichukua.

Sasa iko uani. Huwaambia wateja, "Gari ninalo, ila nalionea huruma kulitembeza." Jumamosi moja mkewe, aliyeahidiwa kupelekwa Igunga kwa mama yake, alitoka na kanga mpya, akaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani. "Baba Shamila, twende."

Kinyozi akapanda, akashika usukani, akanguruma kwa mdomo mpaka mate yakamruka.

"Tumefika?" mkewe akauliza, macho mbele.

Akachungulia nje. Kuku walikuwa palepale.

"Bado kidogo," akasema.