Mwanamume Mmoja Ukumbini

Kwa miaka yote ambayo Balqees binti Hamoud alicheza mpira wa kikapu, baba yake hakukosa mechi hata moja, na hakuona hata moja.

Mechi za wanawake Maskati zilichezwa kwenye ukumbi uliofungwa, madirisha yamebandikwa karatasi, na mlangoni amekaa mwanamke mwenye kifua cha kuzuia lori. Wanaume walibaki nje: mababa, makaka, madereva, hata yule mheshimiwa aliyealikwa kutoa kombe, ambaye alilipenyeza kombe mlangoni kwa mkono mmoja, uso kageuzia barabarani, kama mtu anayemlisha simba. Ndani vigelegele, nje jua. Hamoud alikaa garini, kioo kateremsha, akausikiliza mpira unavyodunda, huku ameukodolea macho ukuta kana kwamba ukuta ungeona haya ukajifungua.

Na mchezo wenyewe ni yeye aliyemfundisha. Hamoud alikuwa akiucheza Unguja ujanani, kabla hajaja Omani na familia yake akapata kazi idara ya maji na kitambi cha serikali. Nyumbani kwao Wattaya, mtaa wa Maskati, nyuma ya maduka ya magari, alimwomba fundi wa gereji amkatie usukani mkuukuu, akautoa vile vijiti vya kati na kuupigilia ukutani uani. Usukani ni mwembamba kuliko kikapu cha haki. Mpira ulipita kwa kuombewa dua. Balqees, bado mdogo, akagundua kuwa ni rahisi kumpa baba mpira autumbukize yeye kuliko kuhangaika nao mwenyewe. Basi akawa anampa. Hamoud akitumbukiza, wote wawili wanaruka kwa furaha.

Jirani yao Marhoon, mtu aliyezaliwa kwa ajili ya mambo ya wenzake, hakuweza kunyamaza.

"Hamoud! Kila nikitoka kuumwagilia mpapai wangu nauona uso wa bintiyo unapanda na kushuka juu ya ukuta. Unalea binti au unalea swala?"

"Nnalea binti," Hamoud akamjibu. "Wewe lea mpapai."

Balqees alipoingia chuo kikuu, katikati ya miaka ya tisini, akachukuliwa timu ya wasichana siku ile ile waliyomwona anakimbia kuliwahi basi. Nyumba nzima ilifurahi. Siku ya mechi ya kwanza ndipo Hamoud alipofika mlangoni na shati lake lililopigwa pasi, akaambiwa, ahsante sana baba, geuka. Binti ni wako, lakini wale wengine tisa wana baba zao. Maneno ya haki kabisa. Akarudi garini.

Ikabidi atafute macho ya kuazima. Akamchukua mama yake, Bi Hasina, ajuza aliyekuwa hajawahi kuona mchezo wowote zaidi ya bao na ugomvi wa wakewenza. Bi Hasina akaingia na kipepeo chake cha ukili na bakuli la bajia, akatoka amechangamka.

"Enhe, mama, ilikuwaje?"

"Ilikuwa shughuli, mwanangu! Watu wamekuja. Mke wa Aflah kavaa kijani, hakikumpendeza hata kidogo."

"Mchezo, mama."

"Si ndio nnakwambia! Wasichana kumi wanagombea mpira mmoja, na mipira mingine chungu nzima imekaa kwenye neti pembeni. Hakuna mwenye akili ya kwenda kuuchukua wake."

"Na Balqees?"

"Balqees kafunga yote."

"Yote?"

"Yote. Na mengine kawaachia maskini wenziwe, kwa huruma."

Hamoud alipiga usukani kwa raha mpaka honi ikalia. Na kuanzia siku hiyo, kila mechi, Bi Hasina alitoka na habari hiyo hiyo, na Hamoud akaijenga kichwani: binti anapaa, binti anatumbukiza, ukumbi unazizima. Ofisini aliisimulia mechi vizuri kiasi kwamba wenzake walidhani amepenya ndani amevaa buibui.

Tatizo ni moja tu. Balqees hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kugawa. Angeweza kucheza mechi nzima asiguse kikapu, na bado wapinzani wakatoka uwanjani wanamlaani yeye peke yake. Mara moja, wamekaa uani wanamenya machungwa, alijaribu kumwambia.

"Baba, mimi hasa si mfungaji, ujue."

"Heee! Unyenyekevu huo ni wa bibi yako," Hamoud akasema, kwa namna iliyomshangaza hata Bi Hasina mwenyewe.

Balqees akachukua chungwa jingine. Kilichomkaa rohoni si uongo wa bibi. Ni kwamba baba yake alimpenda kwa mchezo wa msichana mwingine, ambaye hayupo. Na huyu aliyepo, angempenda?

Alipomaliza masomo, klabu moja ya wanawake huko Imarati, nchi ya jirani, ikamwajiri acheze, kwa mshahara. Marhoon alikaribia kuanguka ukutani. "Mwanamke analipwa kwa kukimbia? Mke wangu hunikimbia bure!" Hamoud alikubali kwa sharti kuwa Balqees akae kwa shangazi yake wa huko. Akawa anaendesha gari jangwani na mama yake, avuke mpaka, akaegeshe nje ya ukumbi mwingine, akausikilize ukuta mwingine.

Mwaka elfu mbili na tatu nafasi ilikuja. Timu ilialikwa mashindano ya ng'ambo, ukumbi wazi, aingie yeyote. Lakini sheria za mchezo za wakati ule hazikuruhusu mchezaji kuvaa mtandio kichwani. Balqees alimpigia baba yake simu.

"Nikienda utaniona, baba."

Hamoud akahamishia simu sikio la pili.

"Nitakuona mimi na nani?"

"Wewe na kila mtu."

"Na wewe unataka?"

"Nataka unione wewe."

Hamoud akavuta pumzi. "Basi usiende kwa ajili yangu, mama. Ukienda kwa ajili yako, nitakata tiketi sasa hivi."

Hakwenda. Hawakulizungumza tena.

Miaka mitatu baadaye goti likamsaliti. Daktari akalitazama akasema mechi moja, kisha pumzika. Balqees akaomba hiyo moja aichezee Maskati, katika timu ya Khawla, nahodha wake wa tangu chuo, mtoto wa Wazanzibari kama yeye. Na sasa hata macho ya kuazima yalikuwa yamekwisha: Bi Hasina alikuwa na mtoto wa jicho, akiona vivuli tu, ingawa hilo halikumzuia kuingia na kulaumu mavazi.

Mechi ikaisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Khawla akamkuta Balqees amekaa na kiatu kimoja mkononi.

"Unalilia goti?"

"Nalilia mzee. Yuko nje, na leo hana hata wa kumdanganya."

Khawla aliinuka akagonga kabati kwa kofi. "Wasichana! Vaeni abaya na mitandio. Tunacheza tena."

Saba walicheka wakavaa. Wawili walikataa, wakasema wamechoka na hawataki mwanamume ukumbini, na hawakulazimishwa. Khawla akaenda mlangoni. Mlinzi siku hizo alikuwa Winifrida, mwanamke wa Bukoba mwenye mabega mapana na roho iliyojificha mbali.

"Mamnuu," Winifrida akasema. "Wanaume hapana. Hata mudiri, mkuu wa ukumbi, haingii."

"Ni baba yake Balqees. Watazamaji wameshatoka, na sisi tutakuwa tumejifunika gubigubi kama msibani."

"Wangapi mnacheza?"

"Tumepungua. Tunatafuta mtu."

Winifrida akatazama kushoto, akatazama kulia, akakunja mikono ya sare. "Mimi shuleni nilicheza mpira wa pete, dada. Mwite huyo mzee. Yalla."

Hamoud aliingia amevua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, Bi Hasina pembeni yake. Mbele yake wanawake tisa wenye abaya nyeusi na mmoja mwenye sare walianza kukimbia, pindo zimeshikwa kwa mkono mmoja, mpira kwa mwingine. Winifrida alipoupata mpira alisimama nao kama mlingoti, maana kwenye mpira wa pete hakuna kudunda. Watu wakampita na kurudi, naye amesimama tu, anatafuta wa kumpa kwa utaratibu.

Balqees akaupata. Akampa Khawla, Khawla akafunga.

"Vyema! Sasa funga wewe!" Hamoud akapiga kelele.

Akaupata tena. Akatoa.

"Funga mwenyewe, Balqees!"

Akatoa tena. Kwenye kiti pakawa kimya, na kimya kile kilimuuma Balqees kuliko goti. Akacheza tu, alivyozoea: akimtazama huyu, akimpa yule. Mwishowe goti likagoma, akasogea kwa baba yake anachechemea, jasho linamtoka chini ya mtandio.

"Mama," Hamoud alikuwa anasema, "si uliniambia anafunga yote?"

"Nani alisema uongo?" Bi Hasina akajibu bila haya. "Biriani ni ya mpishi au ya anayepakua? Mie nilihesabu za mpishi."

Hamoud akamgeukia binti yake.

"Ule mmoja... Ulimtazama yule bibi wa mlangoni, mpira ukaenda kwa Khawla. Na Khawla alikuwa hajafika pale."

"Angefika."

"Ulijuaje?"

"Nilimwona anataka kwenda, kabla hajajua mwenyewe."

Macho ya Hamoud yalikuwa mekundu, na safari hii hakusingizia vumbi.

"Ndivyo ulivyocheza siku zote?"

"Siku zote, baba."

"Na mimi ofisini nawasimulia watu habari za kutumbukiza, mpumbavu mimi." Akasogeza kiti karibu na mstari, miguu yake mitupu sakafuni. "Nionyesheni tena ule. Polepole."

"Ami Hamoud," Khawla akalalamika, "tunakufa joto humu!"

"Mara moja tu, wanangu. Nimekaa nje sana."

Wakaangaliana. Kisha mmoja mmoja wakashika pindo zao, wakarudi mahali pao, na Winifrida, ambaye hakuwa na habari mahali pake ni wapi, akasimama katikati akampa Balqees mpira.