Gari la Kiti Kimoja

Zénon wa Carama alikuwa dereva wa teksi, na teksi yake ilikuwa Carina nyeupe iliyozeeka kwa heshima. Milango yote minne ilifungwa bila kubamizwa, jambo ambalo Bujumbura mtu ana haki ya kujivunia. Kiti cha nyuma kilikuwa kimebeba maharusi, magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, na wanafunzi wa chuo kikuu walioshukia Mutanga Sud wakijifanya wamesahau pochi nyumbani. Kilimbeba pia Kelly, binti yake wa kwanza, siku aliyotoka hospitali akiwa amefunikwa kitenge hadi puani. Kiti hicho tutakirudia.

Kisha mafuta yakatoweka. Sisemi yalipanda bei, yalitoweka. Mtu aliacha gari lake kwenye foleni ya kituo, akaenda kulala kwake, akarudi kesho kulisukuma hatua chache, na magari ya mtaa mzima yakahamia huko kama ng'ombe walioswagwa malishoni. Zénon alisukuma Carina yake hadi akayajua magari ya mbele yake kuliko alivyowajua wenyewe. Daphrose, mkewe, alikuwa na mimba ya pili, na chungu kilipanda jikoni mara moja kwa siku. Bwana alianza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Aliona aibu kupita mbele ya mke mwenye njaa akiwa mikono mitupu.

Siku nyingine alikwenda kujificha kwa Namegabe. Huyu alikuwa fundi wa magari kutoka Uvira, aliyevuka mpaka na sanduku la spana na mapenzi ya mashindano ya magari, na kati ya vitu hivyo viwili sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Gereji yake ilikuwa mabati manne juu ya miti, pale ambapo nyumba za Carama zinaanza kuchanganyika na mihogo. Kazi hazikuwepo. Basi walikaa wakitazama mbio ndefu za Wazungu kwenye simu, na Namegabe akafundisha.

"Sikiya, sha. Gari za course ziko familia tatu," alisema. "Ya kwanza njo tourisme. Ile ni gari kama ya kwako. Wameitosha mu parking, wameifundisha mbio, lakini sura ni ileile. Mama yako akiiona, anaijua. Ya pili ni grand tourisme. Ile ni gari ya tajiri, mi na we hatutaipanda, lakini nayo iko na plaque, namba ya barabara, ikitaka inaenda sokoni."

"Na ile ya chini-chini, yenye inapita zote?"

"Ile njo proto." Namegabe alishusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani. "Proto haijawahi kuwa gari ya mutu. Ilizaliwa mu course. Haina plaque, haina malle ya mizigo, haina kiti ya mugeni. Iko nyepesi, na upepo wenyewe unaikandamiza chini. Grand tourisme inajikaza mu ligne droite, penye njia imenyooka, lakini wakifika mu kona, proto inaiaga."

Zénon alipenda kuona namna zilivyokimbia pamoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi na mshindi wake. Proto iliwapita wenzake tena na tena. Grand tourisme haikuyumba kuipisha. Ilishika mstari wake, mwenye haraka akatafuta njia. Namegabe alisema hiyo ndiyo adabu: mwendo wa pole si kosa, kosa ni kuyumba.

Hayo yangebaki maneno ya watu wasio na kazi, kama chama kimoja cha wapenda magari hakingetangaza mashindano huko Maramvya, kwenye kiwanja kikubwa cha vumbi. Makundi yalikuwa mawili, tourisme na proto, yakimbie pamoja. Mafuta yangetolewa uwanjani siku hiyohiyo. Na mshindi wa kila kundi angepata kazi kwa tajiri mmoja wa malori mwenye pampu yake mwenyewe: kazi ya dereva, mshahara wa kila mwezi, hakuna foleni. Zénon aliposikia hilo la mwisho, aliuliza watu wanajiandikisha wapi.

Tourisme ilikuwa na sharti: milango, viti na namba vibaki kama gari lilivyotoka kiwandani. Madereva wa teksi walijazana huko, na miongoni mwao Anselme, mwenzake wa siku nyingi, mwenye Carina kama yake, ila ya bluu. Kundi la proto halikuwa na watu. Na hapa ndipo mtu wa Bujumbura anaponaswa. Aliyekaa sana kwenye foleni hupata ugonjwa: akiona mistari miwili, miguu humpeleka kwenye ule mfupi kabla kichwa hakijauliza unaelekea wapi. Zénon alijiandikisha proto.

Daphrose alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Papa Kelly, kiti ikitoka, na sisi tutaikala wapi?"

"Nikishinda, nitakuwa na gari ya kazi. Yetu tutaitengeneza polepole."

"Mi nauliza ya sasa. Mutoto akitaka kutoka, nitaikala wapi?"

"Mutoto bado. Na hata gari ikiwa na viti kumi, esansi ya kuitembeza iko wapi?"

Zénon alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi kila nilipoifikiria habari hii. Mtu akikosea kwa ujinga, unacheka. Zénon alikosea kwa hesabu iliyonyooka. Daphrose aliingia ndani kumfungia Kelly nguo za kwenda kukaa kwa bibi yake.

Namegabe aliikata Carina kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka. Milango ilitoka, paa likatoka, honi ikatoka kwa sababu ina uzito. Pale penye milango alichomelea mabomba yaliyopishana, manene, ya kumlinda dereva gari likipinduka. Kiti cha dereva akakiweka katikati. Namba ya gari ikatundikwa kwenye msumari ukutani. Kiti cha nyuma kilipelekwa nyumbani kikawekwa uani, na Daphrose akakitumia kukalia anapochambua maharagwe. Wapita njia walisifu. Yeye alisema kiti ni kizuri, ila hakiendi popote.

Siku ya mashindano Zénon aliruka. Sina neno jingine. Carina iliyopunguzwa nusu ya mwili wake ilipita kwenye vumbi la Maramvya ikilia bila ekzosi, na watu wakapiga mayowe. Alimpita Anselme. Akazunguka, akampita tena, na mara hii akampungia mkono kama anavyopungiwa mzee anayevuka barabara. Anselme hakuyumba, alishika mstari wake, na katika kundi lake yeye ndiye aliyekuwa mbele. Zénon alikuwa ameanza kuona mshahara, kuona sukari mezani, alipomwona Namegabe kaingia hadi ukingoni mwa njia, anapunga simu ya Zénon, aliyokuwa ameachiwa.

Alisimama. Katika simu alikuwa Irène, jirani yake.

"Papa Kelly, kuya nyumbani. Mama Kelly anatoka damu. Kwa santre ya afya wamesema tumupeleke hospitali kubwa mbio-mbio, na ambulance haina esansi. Gari hazimo hapa, zote ziko mu mulongo wa esansi. Kuya."

Aliitia simu mfukoni. Alipita kwenye nafasi kati ya watazamaji, akaingia barabara kuu bila namba, bila taa, bila honi, na katika maisha yake hajawahi kuendesha vile. Magari hayakuwepo ya kumzuia. Huku akilia, alifurahi pia, na furaha hiyo ndiyo hajaisamehe hadi leo: alifurahi kwamba gari lake lina kasi. Kwa mara ya kwanza tangu mafuta yatoweke, alikuwa mume mwenye msaada, na tangi lenye mafuta.

Alifika nyumbani injini ikinguruma. Daphrose alikuwa uani, amelazwa juu ya kiti cha nyuma cha Carina, kitenge chini yake kimelowa. Irène alikuwa amepiga magoti kando yake. Zénon alitoka kwa kupenya juu ya mabomba, akamnyanyua mkewe, akageuka kuelekea gari, na hapo akasimama.

Hapakuwa na pa kumweka.

Walijaribu. Walijaribu kumpitisha kati ya mabomba, miguu kwanza, na tumbo likakataa. Wakajaribu kumpitisha kwa juu, naye Daphrose, mwanamke asiyejua kupiga kelele hata wakati wa kumzaa Kelly, akapiga kelele. Wakamrudisha kwenye kiti. Zénon alichukua msumeno wa chuma wa jirani akaanza kukata bomba kwa mkono, umeme ukiwa haupo. Msumeno ulikwaruza, ukateleza. Namegabe alikuwa amechagua yale mabomba kwa upendo, na upendo wa fundi haukatwi kwa msumeno butu. Kidole kikachanika. Akaendelea. Nyuma yake lile gari lenye mbio kuliko yote Carama lilinguruma mahali pamoja, likiyanywa mafuta bure.

"Papa Kelly," Irène alisema, "acha. Piga simu."

Alimpigia Namegabe. Namegabe alimtangulia kusema, na sauti yake haikuwa ile ya kufundisha.

"Najua. Ulipotoka hapa tu, nikakumbuka. Mi njo niliitosha ile kiti mu gari. Nimejitupa mu njia nikamusimamisha Anselme. Anakuya. Musamaha, ndugu yangu. Anakuya."

Zénon alirudi akakaa chini, karibu na kichwa cha mkewe. Alikuwa amefika wa kwanza. Sasa alikaa kumsubiri yule aliyempungia mkono, na sikio lake lilitafuta sauti ya Carina ya bluu kwa tamaa ambayo hajawahi kuwa nayo kwa sauti ya injini yoyote. Daphrose alimshika ukosi wa shati. Kila pumzi yake ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

Anselme alifika na milango yake minne. Kazi ilimalizika haraka, kwa sababu ni kazi ambayo gari hilo liliumbiwa: mlango ukafunguka, Daphrose akalazwa, Irène akaingia akakipakata kichwa chake, mlango ukafungwa.

"Tangulia," Anselme alimwambia Zénon. "Unifungulie njia. Mi nakufuata."

Basi proto ikatangulia, na kwa kukosa honi ikapiga kelele kwa injini. Waendesha baiskeli waliruka pembeni, akina mama walivuta watoto. Walifika Kigobe, karibu na majengo ya serikali, na polisi aliyekuwa pale akaona kitu kinakuja ambacho hakina mlango, hakina paa, hakina namba. Akaingia katikati ya barabara, bunduki mkononi. Zénon alijua kwamba akikimbia, wataifunga barabara mbele, na Anselme atafungiwa nyuma yake. Akakata upande, akasimama kando kabisa, akainua mikono juu.

Gari la bluu lilimpita. Halikuyumba. Katika dirisha la nyuma aliona unyayo wa Daphrose umebanwa kwenye kioo, kisha asione tena. Siku nzima hiyo ndiyo mara pekee Anselme alimpita.

Polisi walimketisha kwenye ukingo wa barabara. Mkubwa wao alilizunguka gari kwa utulivu.

"Hii ni gari ya aina gani?"

"Ni Carina, chef."

"Carina mi naijua. Abiria anaikala wapi?"

"Haiko na abiria, chef. Bibi yangu iko anazaa. Iko mu gari ya bluu, ile imepita."

"Na we unaendesha gari bila kiti kupeleka bibi kuzaa?"

Zénon aliinamisha kichwa. Angeweza kueleza makundi, na familia tatu, na upepo unaokandamiza. Hakuwa na nguvu. Simu yake ilikuwa imebaki uani, kando ya msumeno. Alikaa hapo jua likigeuka, akimsihi kila aliyempita ampigie Irène, na namba ya Irène hakuikumbuka. Baadaye mkubwa yule, aliyekuwa baba wa watu pia, alichoka kumtazama. Akalibakiza gari, akamwambia mwenyewe aende. Zénon alikwenda kwa miguu, akikimbia, akitembea, akikimbia tena.

Anselme alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali. Alisimama alipomwona, akavua kofia, na Zénon akajua kabla hajasikia. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari la bluu. Alikuwa msichana. Hakulia. Madaktari waliulizwa kama angefika mapema ingekuwaje, wakasema Mungu ndiye anayejua, na hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Zénon ataishi katikati ya maneno hayo mawili mpaka azikwe.

"Mama Kelly yuko?" aliuliza.

"Iko. Damu imesimama. Ingia."

Daphrose alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba cha chuma, amegeukia ukuta. Zénon alisimama mlangoni na vumbi lake la Maramvya, kidole kimefungwa kipande cha shati. Daphrose aligeuza uso, akamtazama.

"Walisema ulikuwa mbele ya wote," alisema.

"Nilikuwa mbele."

Aliyafumba macho. Kisha, kwa mikono yote miwili, polepole, kwa maumivu, mwanamke yule alijigeuza, akajivuta hadi mgongo ukagusa ukuta, na kitanda chembamba kikabaki na nafasi kidogo ukingoni.

"Ikala," akasema.