Sauti yake iko kazini, mwenyewe yuko ngazini

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Chiriku amesimama kwenye ngazi za posta ya zamani. Shati limepigwa pasi, kitambulisho kifuani, mwavuli mwekundu mkononi. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa wa kuwatembeza watalii mjini. Leo hana hata mmoja.

Si kwamba watalii hawapo. Wanapita mbele yake wawili wawili, vifaa vya kusikilizia vimechomekwa masikioni. Wakifika kwenye ile nyumba nyembamba kuliko zote mtaani, wanasimama, wanasikiliza, kisha wanacheka.

“Hapo nimewaambia mwenye nyumba alikuwa mwembamba lakini mkewe hakuwa, ndiyo maana mlango wa nyuma ni mpana,” anasema. “Sasa wataangalia dirisha la juu.”

Wanaangalia dirisha la juu. Sauti iliyo masikioni mwao ni yake.

Wenzake ndio waliompa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Misimu miwili iliyopita, meneja wa kampuni alimwomba arekodi matembezi yote, mtaa kwa mtaa, kwa lugha ya wageni. Alimwambia ni ya kuwafundishia waongozaji wapya. Siku tatu alikaa kwenye chumba chenye mablanketi yaliyotundikwa ukutani, akiongea peke yake.

“Nilipokohoa nilirudia mwenyewe. Hakuna aliyeniambia nirudie,” anasema kwa uchungu. “Nilitaka iwe nzuri.”

Ikawa nzuri. Alipewa chakula cha mchana, bahasha, na karatasi ya kutia saini. Hakuisoma.

“Mtu umefanya naye kazi miaka kumi na saba, utaanza kuikagua karatasi yake mbele ya macho yake? Niliona ni kumkosea adabu.”

Msimu uliofuata, waongozaji kumi na wanne wakabaki watatu. Mikataba yao ilikuwa ya msimu mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa. Hawakuitwa tu. Chiriku, aliyezoea kutembeza watalii siku sita kwa wiki, sasa huitwa siku mbili kwa mwezi, wakija wazee wasiopenda kuchomeka vitu masikioni. Familia imehama vyumba viwili ikajibana kwenye kimoja.

Kinachomuumiza zaidi ni wenzake. Mmoja alimwambia waziwazi: “Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wewe umetutanguliza sisi.” Chiriku hamlaumu.

Mtalii mmoja, mama wa makamo, anapanda ngazi. Chiriku anamsalimia kwa lugha yake. Mama anashtuka, anachomoa kifaa, anaonyesha sikio lake, kisha mdomo wa Chiriku. Amefurahi kwelikweli. Anaomba wapige picha pamoja, wanapiga, anashukuru. Halafu anarudisha kifaa sikioni na kwenda zake.

Jumatatu meneja alipiga simu. Daraja la zamani limebomolewa, limejengwa jipya, na maelezo yamepitwa na wakati. Chiriku anatakiwa Alhamisi akarekodi dakika nne. Alipouliza kuhusu mkataba wa msimu ujao, alijibiwa: “Tutaangalia.”

Mkewe, fundi cherehani, hataki kusikia habari hiyo. “Baba watoto, usiende. Wamekunywa mtungi mzima, sasa wanataka na matone?” Kisha anamtania, ingawa uso hauna kicheko: “Siku hizi unamalizia maneno yako kwangu. Hata sufuria zangu zinaijua historia ya posta.”

Chiriku anasema ana mpango. Atadai mkataba kwanza, ndipo afungue mdomo. “Nitamwambia, bosi, nipe hata siku tatu kwa wiki.”

Na bosi akikataa?

Anatazama kundi jingine likipita.

“Nitarekodi tu,” anasema. “Nikigoma, watamtafuta mwingine asome yote upya, kuanzia hapa posta mpaka darajani. Hapo na sauti yangu nayo itakuwa haina kazi.”