Supu ya Magimbi na Mwiko wa Bibi

Magimbi yakianza kuiva ndani ya supu ya samaki, hutoa harufu ya udongo ulionyeshewa. Siku hizi naipata kila asubuhi hapa Mikumi, kwenye mgahawa wangu kando ya barabara kuu, na kila asubuhi inanirudisha Kilosa, jikoni kwa bibi yangu, mwaka ambao uchumba wa shangazi ulikaribia kuvunjika kwa ajili ya bakuli moja la mboga.

Shangazi Eliza, mdogo wake baba, alikuwa ameposwa na kijana wa Zombo aitwaye Yohana. Mama yake Yohana alipokuja kwetu mara ya kwanza, Bibi alimpikia kile alichosifika nacho mtaa mzima: samaki wa karanga, mchuzi mzito unaoganda kwenye tonge. Mgeni akanawa, akala ugali mkavu kidogo, akanawa tena, akasema ameshiba.

Kwetu, mgeni asiyegusa mboga ya mwenyeji amesema neno kubwa bila kufungua mdomo. Amesema nyumba hii naiogopa. Bibi alimsindikiza kwa heshima zote hadi njia kuu, akarudi, akaketi kwenye kigoda.

"Mtu katoka Zombo kwa baiskeli, kashiba nini? Vumbi?"

Tulicheka, isipokuwa Shangazi. Naye alijua kwa nini hacheki, maana papo hapo Bibi alitamka kwamba mwanawe haolewi na watu wanaomdhania mchawi. Shangazi alimpenda Yohana. Hata mimi niliyekuwa darasa la tatu nilijua, kwa sababu kengele ya baiskeli yake ikisikika barabarani, Shangazi aliunguza maharage.

Siku chache baadaye mshenga alileta maelezo. Mama Yohana akila karanga midomo humvimba na koo humbana, na aliwahi kuponea chupuchupu. Hakusema kwa kuwa aliona aibu siku ya kwanza tu ukweni kuonekana mtu wa kuchagua chakula. Aliomba aje tena Jumamosi.

"Basi nitampikia kasufuria kake," alisema Bibi, moyo ukiwa umelainika nusu.

"Hapana, mama," alisema Shangazi. "Kasufuria ka peke yake anapikiwa mgonjwa. Mkwe atakula tunachokula sisi."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Bibi alishikilia kwamba supu nyepesi ni ya kuoshea vyombo, si ya wakwe. Bila karanga ingepata wapi uzito? Akapendekeza maziwa. Babu akakohoa pembeni.

"Maziwa yananikataa," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto."

Bibi alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchemshia chai ya maziwa kila asubuhi tangu waoane. "Mbona unakunywa?"

"Unaipika kwa upendo. Na choo hakiko mbali."

Babu, ili kuziba aibu, akasema basi itiwe unga wa ngano. Safari hii Bibi ndiye aliyeshusha macho. Chapati, alikiri, humjaza tumbo mpaka usingizi unamkimbia, lakini nani apike chapati za sikukuu asizile? Shangazi aliwatazama wazazi wake wote wawili akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, kisha akachukua jembe akaenda kuchimba magimbi bondeni.

Jumamosi alipika yeye, kwa uhakika wa mtu ambaye ameshaonja kichwani. Sufuria alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa. Kinu kilichotwanga karanga maisha yake yote kilifunikwa nje, na tangawizi nikaipondea juu ya jiwe. Alikaanga vitunguu na nyanya, akamimina tui la nazi. Magimbi yaliyochemshwa aliyaponda nusu ili yashike mchuzi, nusu akayaacha vipande ili mlaji apate cha kutafuna. Changu, waliokuja na basi kutoka Dar ndani ya ndoo ya barafu, aliwapaka ndimu na chumvi, akawatia mwishoni wasivurugike. Alikoroga kwa upawa wa chuma.

Mama Yohana alifika, shikamoo zikapokewa, akaomba akae nasi jikoni. Bibi naye akaingia na, kama alivyozoea, akachukua mwiko wake ukutani. Ulikuwa mweusi, umelika upande mmoja. Aliuelekeza kwenye sufuria.

Shangazi alimshika mkono.

"Mama, mwiko huo umekunywa karanga."

Kwetu mtoto hamshiki mzazi mkono mbele ya wakwe. Niliogopa sana. Mgeni aliinamisha uso, supu ikaendelea kutokota. Bibi aliutazama mwiko, akamtazama mwanawe, kisha akatoka nao nje. Kwenye jiko la uani lililokuwa likichemsha maji ya kunawa, aliusukuma mwiko ndani ya moto, akasubiri mpaka ukashika. Akarudi.

"Pakua," alisema.

Tulikula sote kutoka sufuria moja. Mimi sikuonja vizuri, nilikuwa nimeikodolea macho midomo ya mgeni nikingoja ivimbe. Haikuvimba. Alilisafisha bakuli lake kwa tonge la mwisho, akalisogeza mbele ya Bibi. "Niongezee, mkwe," alisema. Bibi alimwongezea kwa mkono wake mwenyewe, na Babu naye akasogeza lake.

Kwa miaka mingi niliamini Bibi aliuchoma mwiko kwa hasira. Ni Shangazi aliyenifungua macho, nilipokuwa mtu mzima. Mwiko ule ulitoka kwa mama yake Bibi, na kwa mama yake kabla ya hapo. Binti alipoolewa, huo ndio aliopewa. Siku ile ulikuwa umebakiza wiki chache kwenda Zombo na Shangazi, kumpikia Mama Yohana.

Nilipoolewa mimi, Bibi alikuwa haoni vizuri tena. Aliniita, akanipapasa kiganja, akaniwekea mwiko mpya wa mninga, mweupe kingoni, bado unanuka mti.

"Huu haujaonja kitu," alisema. "Kabla hujauanza, waulize wanaokula kwako."