Jioni Tuliyompisha Kiboko

Wamekata nyasi mbele ya hospitali hapa Jette, ugenini, zikanyeshewa, na harufu yake imenikuta kituoni nimekaa nikingoja tramu, miguu inawaka moto baada ya zamu.

Ndiyo harufu ya jioni moja Bujumbura. Tulikuwa tunatoka kufua ziwani, mama na beseni kichwani, mdogo wangu mgongoni kwake. Mbele yetu kiboko alikuwa anang'oa nyasi. Nikageuka nikimbilie ziwani. Mama akanidaka mkono.

“Usikimbie. Huko majini ndiko kwake, na sisi tumemzibia njia. Tumpishe.”

Tukasogea pembeni polepole. Mtoto akaanza kulia. Mama akamtikisa, huku macho yake hayamwachi mnyama. Kiboko akainua kichwa, akapita karibu yetu akihema, akazama majini.

Nilidhani sasa tunaondoka. Mama akatua beseni, akakaa chini vumbini.

“Tangulia, mama, nakuja,” akaniambia.

Sikutangulia. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa kabla kazi haijaisha.

Tramu imefika, imefungua milango. Nimebaki nimekaa.